Mkono Chini ya Boti

Jirani yetu mmoja, fundi wa kunyoosha bodi za magari, si mtu wa maneno mengi wala si mtu wa kuona mashetani kila kona. Ni mtu wa nyundo na sala. Siku aliponieleza haya alikuwa akiangalia vidole vyake, hakuniangalia mimi, na ndiyo maana nilimwamini. Atakayecheka na acheke. Kicheko ni cha asiyefikwa.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limeshapanda, nguo ziko kambani, kuku wanaparura kando ya ukuta. Fundi alifika nyumbani kwa dada yake mkubwa kuangalia boti ya alumini iliyolala uani tangu ilipovutwa kutoka ziwani. Siku ile watu waliikuta inaelea mbali sana, maji yamejaa hadi kwenye viti, na mwenyewe hayumo. Mwenyewe ndiye mume wa dada. Walimtafuta mpaka wakachoka. Hakukuwa na cha kuzika, wakasali ufukweni, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa dada alitaka boti iingie majini tena, maana machozi hayachemki sufuriani. Na wa kwenda nayo alikuwepo: mtu aliyekuwa akivua na marehemu, ambaye watu humwita Mpole kwa vile hata akigombana hunong'ona. Siku ya msiba huyu hakwenda ziwani. Alisema ana homa. Homa ikaisha, akapatwa na ugonjwa mwingine, akaleta posa kwa mjane.

Baba yao Fundi na dada alishatangulia, kwa hiyo neno la kukubali au kukataa lilikuwa kinywani mwa Fundi. Mpole hakulisubiri. Alishaanza kumwita shemeji, tena mbele za watu. Fundi alimlalamikia mkewe kwamba mgeni hajakaribishwa sebuleni, ameshavua viatu chumbani. Lakini kilichomkwaruza moyoni hakikuwa hicho. Ilikuwa ile homa. Mtu mzima mwenye afya ya ng'ombe, kwa miaka yote haugui, anakuja kuugua siku ile ile mwenzake anapopotea? Kama amemuua mume, nimpe na mke?

Fundi na Mpole wakaipandisha boti juu ya mapipa, wakaingiza mpira wa maji ndani yake. Boti inayovuja huikagui kwa macho. Unainywesha maji, halafu unazunguka nje na chaki mkononi, nayo inakuonyesha yenyewe inapoumwa. Matone yakaanza kwenye mishono ya mbele, mambo ya kawaida, uzee tu. Fundi akachora duara hapa, duara pale. Alipofika nyuma, chini ya kiti cha mshika injini, akasimama.

Hapo maji yalitoka kwa mstari. Tundu, nafasi, tundu, nafasi, kama vifungo vya shati.

Akapitisha kidole. Ribiti, ile pini inayoshikanisha bati na bati, ikichoka hulegea taratibu, inakula bati, na tundu lake huwa refu kama yai. Haya yalikuwa mviringo kamili na kingo zake kali. Hayakuchoka haya. Yametobolewa, na kwa drili.

Alimuuliza Mpole kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Mpole akainama, akatazama, akasema labda marehemu alitaka kufunga kiti kipya akaghairi. Kisha akajaribu utani.

"Wewe shemeji ungekuwa daktari, kila mwenye mafua ungemwambia amelishwa sumu."

Fundi hakucheka. Alitazama upande wa kamba ya nguo. Dada yake alikuwa ameshika shati lenye maji, hajalianika, hajalirudisha kwenye beseni. Amesimama tu. Fundi akamwonea huruma.

Kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani ya boti na nyundo. Mwingine analala chini ya tumbo la boti na kipande kizito cha chuma, anakikandamiza kwenye ncha ya ribiti inayotokeza chini, ibonyee iwe kichwa, vinginevyo nyundo inapiga hewa na ribiti haishiki. Hamwonani. Bati liko katikati. Kwa hiyo mnagongeana: akigonga mara moja aliye chini, yuko tayari. Akigonga mara mbili, bado. Mchana ule waliziba mbele. Mkono wa Mpole ulikuwa mwepesi, chuma kilicheza cheza, na Fundi alirudia ribiti moja mpaka jasho likamwingia machoni. Jioni walimwaga maji yote, wakaiacha boti ikauke, kila mtu akaenda kwake.

Kesho yake Fundi alirudi mapema kidogo. Geti lilikuwa wazi, dada hayupo, pengine ameenda sokoni. Akapanda ndani ya boti, akapiga magoti nyuma kule kwenye mstari wa matundu, akadumbukiza ribiti ya kwanza. Kabla hajaita mtu, chini pakagongwa.

Ko.

Tayari. Akasema, umewahi leo. Hakujibiwa, naye hakujali, maana hakuwa na hamu ya mazungumzo. Akapiga. Safari hii chini palikuwa pagumu kama mwamba. Chuma hakikutikisika hata nukta. Ribiti ikalala vizuri kuliko ribiti yoyote aliyowahi kupiga maishani mwake. Akatia ya pili. Ko. Akapiga. Ya tatu. Ko. Moyoni akasema, kumbe akitaka kazi anaiweza.

Baadaye ndipo alipotambua magoti yake yanauma kwa baridi. Jua lilikuwa linachoma mgongo, bati kwenye kingo halishikiki kwa moto, lakini pale alipopiga magoti palikuwa baridi kama sakafu ya kisima. Na palinuka ziwa, ile harufu ya majani ya chini kabisa, yasiyoona jua.

Akaona heri aseme. Bati liko katikati, hawaonani. Ni rahisi kumuuliza mtu neno zito usipomwona uso. Akainama mpaka mdomo ukakaribia bati, akanong'ona.

"Bwana, mbele ya Mungu. Ni wewe uliyetoboa?"

Ko, ko.

Mara mbili. Bado. Siye. Hasira zikampanda Fundi, maana aliona anafanyiwa mzaha wa kitoto.

"Kama si wewe ni nani? Marehemu mwenyewe?"

Ko, ko.

"Basi labda dada yangu."

Alilisema kwa kejeli. Ndivyo alivyoniapia. Alilitupa tu, kama unavyomwambia mtu basi labda paka.

Ko.

Mara moja. Taratibu. Wazi kabisa.

Wakati huo huo akasikia sauti ya dada yake getini, anamkaribisha mtu. Na sauti ya Mpole ikaitikia, ile ya kunong'ona, inaomba radhi kwa kuchelewa. Jana alisahau akaondoka na chuma cha kukandamizia kwenye mfuko wake, amelazimika kukirudia nyumbani.

Fundi akainua kichwa juu ya ukingo wa boti.

Mpole alikuwa amesimama getini. Chuma kiko mkononi mwake.

Hakumbuki alivyoshuka. Alijikuta tu amechuchumaa kando ya pipa, anachungulia chini. Hakukuwa na mtu. Mchanga wote ulikuwa mkavu, mweupe. Isipokuwa pale nyuma. Pale ulikuwa umelowa, umebonyea kwa urefu wa mtu aliyelala chali. Hakuthubutu kuinua macho kutazama tumbo la boti.

Alimwambia Mpole asubiri, anakunywa maji. Akaenda jikoni kwa dada yake, na njiani, hatua chache zile, drili ikamjia kichwani. Aliwahi kumwazima dada drili yake, mume angali hai, wala haukupita muda mrefu kabla ya msiba. Dada alisema anataka kufunga rafu ya jikoni. Iliporudi ilikuwa na unyoya unyoya unaometameta kwenye ncha, mweupe kama fedha. Ukuta hautoi kitu kama kile, ukuta hutoa vumbi. Yeye, fundi mzima wa mabati, akaupuliza ukaanguka, akaendelea na shughuli zake.

Rafu ya jikoni ilikuwepo. Imening'inizwa kwa misumari na waya.

Dada alikuwa anamimina maji kwenye kikombe, amempa mgongo. Fundi alimuuliza kwa sauti ya chini ile drili aliifanyia nini. Dada hakushtuka. Aliweka kikombe mezani polepole, akageuka, na neno alilolisema halikuwa lile ambalo Fundi alijiandaa kulisikia.

"Na wewe amekugongea?"

Nje Mpole alikuwa anapiga mluzi.

"Mimi ananigongea kila ninapofua," dada akasema. "Mchana kweupe. Ko, ananyamaza. Ko, ananyamaza. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Dada akamweleza yote amesimama vile vile, mikono kwenye khanga. Mumewe alikuwa na mwanamke ng'ambo ya ziwa. Kila wiki anavuka, anarudi bila samaki na ana manukato. Amesema naye, ameomba, amefunga, wapi. Ndipo akatoboa boti, akaziba matundu kwa sabuni ya kufulia, akapaka masizi juu. Alifanya hesabu ya mtu aliyezoea beseni. Sabuni ikiingia majini itayeyuka hapo hapo ufukweni, maji yataingia, mume atarudi anatembea, miguu imelowa, watu wamcheke, boti imwudhi aache safari. Hakujua kwamba sabuni kavu iliyoshindiliwa kwenye tundu haina haraka. Ilimsindikiza mpaka katikati.

"Sikutaka afe, mdogo wangu. Nilitaka arudi."

Fundi alikuwa amekuja kumlinda dada yake na muuaji. Tena kuna jambo lililomtesa zaidi ya hilo. Tumekatazwa kuuliza wafu, na yeye ameuliza. Shetani ni hodari wa kusema kweli pale ambapo kweli inavunja nyumba. Je, aliyegonga chini ya boti alikuwa shemeji yake, au ni mwingine aliyeazima mkono wake?

"Posa ya huyu bwana uliikubali kwa nini?" akamuuliza.

Dada akatazama mlango. Akanong'ona kwamba Mpole aliahidi wakishaoana atahamishia boti kwake, mbali na uani.

"Na akigongewa habari hii akiwa na boti katikati ya maji?"

Dada akaivuta khanga usoni.

"Shemeji," Mpole akaita kutoka nje, "tunaendelea, au maji unayachimba?"

Fundi alitoka, akamwambia hawaendelei. Akamwambia na lile jingine: dada yake haolewi, na jibu ni la kwake yeye, asimlaumu mjane. Mpole akakodoa macho, akauliza kosa lake. Fundi akasema hana kosa. Kwa mara ya kwanza watu wa mtaa ule walimsikia Mpole akipaza sauti. Akamwita Fundi mwenye kijicho, akakitupa chuma mchangani, akaenda zake. Mpaka leo hawasalimiani, wakipishana njiani Mpole hutema mate, na Fundi huinamisha kichwa. Kumfukuza mtu asiye na hatia ili umwokoe, na usiweze kumwambia umemwokoa na nini, ni mzigo wa peke yake.

Dada naye hakungoja kusukumwa. Alikwenda kwa mama mkwe wake, akapiga magoti mlangoni, akasema alilotenda, lote, na sabuni yake. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango polepole, bila tusi, na hajaufungua tena. Dada akahamia kwa Fundi. Anaamka alfajiri anasali, halafu anakaa. Kufua ameacha, anafuliwa na wifi yake.

Ile nyumba ikafungwa. Boti ikabaki uani.

Siku moja mchana Fundi alikwenda na wanaume wawili kuigeuza kifudifudi, isije ikazaa mbu mvua zikianza. Walipoipindua, wenzake wakaenda kutafuta mawe ya kuegemeza, naye akabaki peke yake na tumbo la boti, mbele ya macho yake, juani.

Huku mbele, vichwa vya ribiti vilikuwa na makovu ya chuma, mikwaruzo na mabonde, kama ilivyo kazi ya haraka. Huku nyuma hakukuwa na kovu la chuma hata moja. Kila kichwa kilikuwa kimebonyezwa katikati kama donge la unga, na ndani ya kila kibonyeo kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote, mizunguko yake yote.

Alichukua msasa. Alisugua mpaka mkono ukafa ganzi, bati likang'aa, alama zikabaki.

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Bati lote lilikuwa kavu, linaunguza kiganja. Ndani ya kila alama mlikuwa na tone la maji.