Mkasi Mwisho wa Baraza

"Rudisha mkasi wangu."

"Uko pale, baba. Kwenye msumari."

"Nauona. Nimesema ulete."

"Inuka ukauchukue."

"We mtoto, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na wewe, baba. Nisamehe, lakini inuka."

Cherehani ilinyamaza. Kinyozi wa mlango wa pili alitoa kichwa nje, mashine ya kunyolea ikiendelea kulia mkononi. Kwenye baraza lile hakuna mtu aliyewahi kumjibu fundi hivyo, na huyu alikuwa binti yake mwenyewe. Watu walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Ila mdomo wa siku hiyo haukuwa wa utundu. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Baba yake alishona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa. Kila likizo Chiriku alikwenda naye asubuhi. Alifagia, akawasha mkaa wa pasi, kisha akakaa karibu na cherehani. Baba akisema "mkasi", mkasi uko mkononi. Akisema "uzi", uzi umefika. Fundi hakuondoka kwenye kigoda chake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na alijisifia hilo. "Fundi anayeinuka inuka huyo anauza sura," alisema.

Halafu maumivu yakaja. Yalianza kama pini kwenye tako la kushoto. Yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye shavu la mguu, yakafika kwenye kidole kidogo. Fundi alisema ni kama mtu amepitisha sindano yenye uzi wa moto ndani ya mguu wake. Akawa anakalia tako moja, mguu unaruka kwenye pedali, na mishono ikaanza kwenda upande kama mlevi. Akishona suruali moja, anafumua mbili.

Na hizo zilikuwa sare za shule. Mwenye duka hakuzungusha maneno. "Sina ubaya na wewe, fundi. Lakini sare zisipoisha kabla shule hazijafunguliwa, baraza nampa mwingine."

Kinyozi naye akaleta dawa yake. "Hiyo ni mishipa imejikunja tu. Mwambie mtoto akukanyage mgongoni. Babu yangu alikanyagwa mpaka uzeeni."

Basi jioni ile fundi akalala kifudifudi kwenye mkeka, Chiriku akashika ukuta na kupanda. Hatua ya kwanza, kimya. Hatua ya pili, baba yake alipiga ukelele. Chiriku hakuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa baba. Alishuka mbio akakimbilia nje.

Baada ya hapo fundi akawa wa kulala tu. Hata uji alikunywa akiwa amelalia ubavu. Kila akijaribu kusimama alikuwa mkavu kama ubao. Mama alipotoka kazini alimkuta Chiriku amejikunja mlangoni, hataki kula. Akampigia simu wifi yake.

Shangazi alifanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo, na alikuwa mdogo wake fundi. Alipofika, hajavua hata viatu, Chiriku akamwambia, "Shangazi, nimemvunja baba."

"Tutaona kama anavunjika huyu," alisema shangazi. Alimpandisha fundi mguu taratibu, akamwambia asukume kwa vidole, avute, asukume tena. Kisha akauliza, "Mkojo unaubana vizuri? Huna ganzi katikati ya mapaja?"

"Mbele ya mtoto?"

"Jibu, kaka. Wewe unapima viuno vya watu barabarani na hakuna anayelalamika."

Fundi akajibu kwamba mkojo uko sawa na ganzi hakuna.

"Nashukuru. Mkojo ungekugomea, au mguu ungekosa nguvu, sasa hivi tungekuwa njiani kwenda hospitali." Akamgeukia Chiriku. "Hujamvunja, mwanangu. Kuna neva kubwa, mshipa wa fahamu, inatoka kiunoni, inapita takoni, inashuka mpaka mguuni. Imebanwa, imekasirika. Lakini mgongo si zulia, haukung'utwi kwa miguu. Usipande tena, hata akikuomba."

Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, ndipo akakiweka kiunoni kwa kaka yake. Akamwonyesha namna ya kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Akamfundisha kuvuta goti moja kifuani polepole, kulishika huku anapumua, kisha kuliachia. "Maumivu yakishuka zaidi mguuni, acha. Huu si ugomvi. Na kubwa kuliko yote, usikae sana, usilale sana. Kila mguu wa suruali ukiisha, inuka utembee."

"Nikiinuka inuka, sare zitaisha lini?"

"Kwani sasa hivi zinaisha lini?"

Fundi akavuta goti kifuani kama alivyofundishwa. Lakini alipopata nafuu kidogo na kurudi barazani, mambo yakawa yale yale. "Chiriku, mkasi." Ukaja. "Uzi." Ukaja. Chiriku akaona jasho linamtoka baba na vidole vya mguu vinakunjika juu ya pedali. Ndipo akili ikamgonga. Baba hainuki kwa sababu mimi niko hapa. Utii wangu ndio unamfunga kwenye kigoda.

Kwa hiyo aliutundika mkasi kwenye msumari mwisho wa baraza, uzi akauweka dirishani upande wa pili, na pasi kwenye ngazi. Ndiyo ugomvi mliousikia.

"Fundi," kinyozi akacheka, "siku hizi una bosi?"

"Wewe nyamaza. Dawa yako ndiyo imenilaza."

Fundi akashika meza. Akainuka kwa kuguna, akauburuta mguu mpaka kwenye msumari, akarudi. Akamaliza mguu wa suruali, akainuka tena. Alikwenda kuchukua uzi, akaenda kuchukua pasi, akaenda tena kuchukua mkasi. Jioni alipohesabu kazi, hakukuwa na suruali hata moja ya kufumua.

Siku zikaenda hivyo, kitambaa cha moto usiku, matembezi ya barazani mchana. Kabla shule hazijafunguliwa, mwenye duka alipitisha kidole kwenye mishono ya furushi la mwisho.

"Hizi za juu kashona nani?"

"Mimi."

"Na hizi za chini, zilizopinda?"

"Hizo zilishonwa na maumivu."

Mwenye duka akacheka, akabeba furushi lake. Habari ya fundi mwingine haikutajwa tena.

Shangazi alipita jioni hiyo, akasikia habari ya mkasi kutoka kwa kinyozi mwenyewe. Akamshika Chiriku bega. "Sikiliza. Kumtunza mgonjwa si kumfanyia kila kitu, wala si kufuata kila dawa ya mtaani. Muulize kwanza anayejua, halafu msaidie mgonjwa afanye mwenyewe. Na wewe kaka, mwili haukaripiwi ukatii. Unasikilizwa."

Chiriku akaona huruma. "Baba, leo umepata nafuu. Nikuletee mkasi?"

"Uguse uone."

Fundi akatoa mguu kwenye pedali. Akasimama bila kushika meza, akageuka, akaenda zake mpaka mwisho wa baraza.