Faili Lililohamishiwa Chumba Namba Nne

"Nesi, faili letu liko wapi?"

Nesi wa mapokezi alipekua droo ya tatu, ile ile waliyoizoea miaka kumi na moja, akaifunga mikono mitupu.

"Lilihamishwa. Liko chumba namba nne, kwa yule daktari mpya."

"Nani kalihamisha?"

"Dokta wenu mwenyewe, wiki tatu sasa. Kaandika sababu binafsi."

Fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akiuliza, akageuka kutazama ukumbini. Mlango wa pili tu kutoka hapo mama yake mzazi alikuwa amelazwa, oksijeni puani, midomo imegeuka rangi. Asubuhi ile alianguka jikoni. Na Jumatatu tu alikuja peke yake hapa hapa zahanati, akarudishwa nyumbani na vidonge vya vitamini.

Sasa usimwone fundi mkorofi. Dokta huyo ndiye aliyemzalisha mwaka ule mume alipotokomea. Ndiye aliyemchanja binti yake chanjo zote, ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka akafumba macho. Familia nzima, kuanzia kitovu cha mtoto hadi magoti ya bibi, ilikaa kwenye faili moja nene. Halafu leo mama kazidiwa, mtu kawatupa.

Akatoa simu, akaandika: "Mama yuko kwenye oksijeni. Umetuhamisha bila hata kuniambia. Tulikukosea nini?"

Jibu likaja papo hapo: "Niko kwa mgonjwa nyumbani kwake. Nakuja."

Dokta alifika shati limelowa jasho, akampita bila salamu, akaingia kwa mgonjwa. Kwa upenyo wa mlango usiofunga vizuri, fundi alimwona akiinama pamoja na daktari wa chumba namba nne, msichana mdogo aliyekuwa anajizuia kulia. Sindano ikaingia. Dokta akatoka.

"Moyo umeelemewa, maji yamejaa mapafuni. Tumempa dawa ya kuyatoa. Tusubiri kwa saa mbili."

"Yule mtoto wako alimpa vitamini."

"Si kosa lake peke yake. Alimuuliza hali, mama yako akamjibu amechoka tu. Naye akaandika uchovu."

"Wewe ungeandika nini?"

"Mimi huwa simuulizi hali. Namuuliza amelalia mito mingapi. Akisema mmoja, nashukuru. Akisema mitatu, najua hawezi kulala chali, pumzi zinamkata."

Fundi akajishika kifua. Wiki nzima mama yake alikuwa akilalia mito mitatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyempangia.

"Na hilo hukuliandika?"

"Niliandika kurasa sita za makabidhiano. Dawa, vipimo, tarehe zote. Hilo la mito halikunijia. Nimelifanya miaka yote bila kujua kwamba nalifanya."

"Kwa hiyo mama yangu anakufa kwa sababu umesahau. Haya niambie, hiyo sababu binafsi ni ipi?"

Dokta aliangalia sakafu.

"Ni wewe. Nakupenda. Na siruhusiwi kuwa daktari wako huku nakupenda, wala sikutaka kumpima mama yako moyo huku wangu unakwenda mbio. Nilitaka nikae nje ya faili lenu kwa muda, halafu nije kukuambia kama mwanaume wa kawaida."

Na fundi naye asituzuge. Mtoto akipiga chafya mbili tu, huyo kavaa gauni jipya yuko zahanati. Miaka miwili alikuwa akiyangoja maneno haya, na sasa yamemjia siku ambayo hawezi hata kuyafurahia.

"Nami nakupenda," alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini rudisha faili."

"Nikilirudisha, haya tuliyosema yanakufa hapa hapa. Nitakuwa daktari wenu, basi."

"Yafe. Nina mama mmoja."

Dokta alijaza fomu ya kulirudisha faili akiwa amesimama, na mwandiko wake, ambao siku zote ulisomeka vizuri, ulipinda wote. Fundi alikaa kwenye benchi akilia bila sauti.

Saa mbili zilipotimia, mama alifungua macho. Pumzi zilikuwa zimerudi nusu. Dokta akampelekea fomu atie sahihi.

"Hii ya nini?"

"Ya kunirudisha niwe daktari wako, Mama."

"Mlango huu haufungi, nimewasikia. Niitie yule binti."

Daktari wa chumba namba nne akaja, akasimama mbali kidogo.

"Sogea, mwanangu. Chukua kalamu. Mimi ni mwongo. Nilimdanganya marehemu mume wangu, nikamdanganya huyu Dokta, na Jumatatu nikakudanganya wewe. Kifua kinanibana siku ya tisa leo. Nikitoka jikoni hadi mlangoni nakaa chini. Miguu haiingii viatuni. Andika. Na kila ukiniuliza nitakujibu hivi hivi."

"Mama," fundi alisema, "ulimzoea Dokta. Usifanye hivi kwa ajili yangu."

"Nyamaza wewe, hujaulizwa. Binti, nina muda gani?"

Msichana alimtazama Dokta. Dokta hakumsaidia.

"Moyo umedhoofika sana, Mama," alisema mwishowe. "Tukiuangalia vizuri, pengine mwaka. Pengine pungufu."

Mama akaichana fomu vipande viwili, taratibu, kwa sababu nguvu hazikutosha kuichana haraka.

"Baba wa mwanangu huyu alipokufa, wewe Dokta ulisimama pale miguuni, ukaandika saa, ukaenda kwa mgonjwa mwingine. Ilikuwa kazi yako, sikulaumu. Lakini mwanangu alibaki analia peke yake, mimi mwenyewe nilikuwa sijiwezi. Siku yangu ikifika, saa ataandika huyu binti. Wewe nataka ukae upande wa wafiwa, umshike."

Dokta alikaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa, kando ya fundi, akamshika mkono mbele ya mama yake. Fundi akauacha mkono wake palepale na kulia kwa sauti.