Shavu la Kushoto

"Nimemwona huyo uliyemposa. Mzuri kweli. Muoe yeye."

Ashrafu aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama katikati ya studio yake, Maili Moja, Kibaha, huku mteja amekaa kwenye stuli, kidevu juu, anasubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Vipi kaka, nitabasamu au nisitabasamu?"

"Kaa hivyo hivyo."

Akapiga. Picha ikatoka ukungu. Miaka yote hiyo ya kazi, leo pasipoti inamshinda! Akapiga tena, akampa mtu picha zake, akafunga mlango na kumpigia Zuwena. Simu ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga mara ya pili. Safari hii ikakatwa.

Uliyemposa yupi? Mwanamke aliyemposa ni mmoja tu duniani, naye ni huyo huyo aliyetuma ujumbe! Asubuhi ile shangazi yake, Bi Tatu wa Dutumi, aliongozana na wazee wawili kupeleka posa Kisarawe, nyumbani kwa mzee Mwinyijuma, baba yake Zuwena. Ashrafu mwenyewe hakwenda. Muoaji haendi kujiposea, anakaa kwake kusubiri jibu. Na yeye alikuwa anasubiri tangu alfajiri, kanzu yake mpya imening'inia kwenye stendi ya taa kama mtu wa pili chumbani.

Tusifichane, huyu bwana alikuwa mpweke. Baba na mama walishatangulia, ndugu kila mmoja na kwake, na yeye alilala chumba cha nyuma ya studio. Harusi za Kibaha nzima kazipiga picha yeye. Pilau za watu kazila akiwa wima, sahani juu ya begi la kamera. Kisha anarudi chumbani, anavua viatu, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza, "Umekula?" Jamani, neno dogo hilo, lakini alilitamani kuliko pilau yenyewe.

Halafu akampata Zuwena. Kila Jumamosi Ashrafu alipanda pikipiki kwenda Kisarawe, ambako alikodi chumba na kufundisha watu wazima kupiga picha. Mbele ya chumba hicho, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na baraza la fundi cherehani. Siku ya kwanza alipeleka mkanda wa begi uliokatika. Jumamosi iliyofuata ikawa mfuko wa suruali. Baadaye shati, kisha shati jingine.

"Wewe unaishi na panya," Zuwena alimuuliza, "au unachana mwenyewe?"

"Nachana mwenyewe."

"Basi acha kuharibu nguo. Njoo tu bila kuchana."

Akawa anakwenda bila kuchana. Mapenzi yakakua pale pale barazani, mwaka ukapita, wakakubaliana. Leo posa imekwenda, na jibu ndilo hilo: muoe yeye.

Alasiri simu ikaita. Ni shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekaa?"

"Nimekaa." Alikuwa amesimama.

"Posa imerudi, mwanangu."

"Kwa kosa gani?"

"Langu. Hapana, lako. Mungu atusamehe wote. Tulipokelewa vizuri, tukakaa mkekani, kahawa ikaja. Kaileta binti mmoja mtulivu, ana kovu shavu hili la kushoto, linateremka mpaka shingoni. Nikadhani ni dada mtu. Nikamwambia, ahsante mwanangu, sasa tuitie bibi harusi mwenyewe tumwone."

Hapo Ashrafu akakaa kweli, chini, sakafuni.

"Shangazi..."

"Akabaki amesimama. Mimi na ujinga wangu nikatoa ile picha uliyonipa niwaonyeshe ndugu huku Dutumi. Nikasema, huyu hapa, mwite huyu. Akaichukua, akaitazama weee, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema, huyu haishi hapa. Halafu akaingia ndani. Baba yake akaturudishia posa bila hata neno baya. Bora angetutukana!"

"Wallahi sikukusudia kumficha. Ni mazoea ya kazi. Kila picha nafuta madoa."

"Doa! Marehemu mume wangu alikuwa na jicho moja, nikalipenda hilo hilo. Nani alikwambia sisi tungekataa kovu? Umemfuta mpaka mwenyewe hayupo."

Ashrafu alikumbuka vizuri jioni ile alipoiandaa picha kwenye kompyuta. Alikuwa anaimba kidogo kidogo kwa furaha, mkono unakwenda wenyewe, chunusi, jasho, kovu, kama alivyofanya kwa maelfu ya nyuso. Dakika chache tu, akamaliza, akaenda kuoga.

Jumamosi akaenda Kisarawe kufundisha, macho mekundu. Mwanafunzi wake Efrazia, mama mmoja wa Kwala aliyetaka kufungua studio yake, alikuwa amefungua picha ya mzee kwenye kompyuta.

"Mwalimu, hii mikunjo ya uso tufute au tuache?"

"Mmemuuliza mwenyewe?"

"Kumuuliza? Si wewe uliyetufundisha wiki iliyopita! Ulisema mteja asiposema kitu, futa tu, atafurahi."

Darasa likacheka. Ashrafu hakucheka. Akasema, "Nisubirini kidogo," akavuka barabara.

Zuwena alikuwa kwenye cherehani. Khanga kaivuta mpaka imefunika upande wote wa kushoto wa uso. Hakuinua kichwa.

"Kuna kilichochanika?"

"Kipo."

"Peleka kwa fundi mwingine."

"Zuwena, nisikilize. Ni mazoea tu, mkono unakwenda wenyewe. Hata sikuwaza."

"Ndicho kinachoniuma!" Cherehani ikasimama. "Ungeniambia unaona aibu, ningelia nikanyamaza. Wewe hukuwaza. Uso wangu umeutengeneza kama unavyotengeneza wa mtu aliyepita njia."

"Nisamehe."

"Unaikumbuka siku uliyonipiga ile picha? Ulisema nigeukie ninakotaka."

"Nakumbuka."

"Nikageuza huku." Alijigusa juu ya khanga. "Tangu darasa la pili sijawahi. Picha za shule, harusi za watu, hata msiba wa mama, mimi nageuza upande wa kulia. Kwako nikatoa huu. Nilikaa pale moyo unanidunda, nikasema leo basi, mtu wangu huyu, acha anione. Kumbe umekwenda nyumbani ukafuta."

Ashrafu akaitazama mikono yake.

"Mama alikuwa anakaanga maandazi," Zuwena akaendelea, sauti imeshuka. "Nikamkimbilia kwa nyuma nimkumbatie. Mafuta yakaruka. Mpaka anakufa, kila asubuhi alikuwa ananibusu hapa kwanza, ndipo ananimiminia chai. Mwingine hajanibusu hapa. Ukifuta hapa, Ashrafu, umemfuta na yeye."

"Picha ya kwanza ninayo, sijaigusa. Nitaitoa kubwa, niiweke kwenye kioo cha studio, Kibaha nzima..."

"Mimi si tangazo."

"Basi niambie nifanye nini."

"Sijui. Wewe hujawahi kuniona. Umenipiga picha tu."

"Nikija Jumamosi nikakaa hapa, utanifukuza?"

Zuwena alikanyaga cherehani, ikaanza tena kulia.

"Barabara si yangu. Ila hiyo kamera usije nayo."

Basi Jumamosi zikaanza. Ashrafu akimaliza darasa anamwachia Efrazia kamera, anavuka, anakaa kwenye ngazi ya baraza. Zuwena kageuka upande wa kulia, anashona. Wateja wanakuja, wanasalimia, wanapima, wanaondoka. Jua likipungua Ashrafu anasema, "Haya, mimi naondoka." Anajibiwa, "Haya." Ndiyo mazungumzo yote hayo.

Kurudi Kibaha kulikuwa kugumu zaidi. Alisonga ugali wa mtu mmoja na kila siku unabaki. Harusi za watu hazikukoma, na kila alipomwambia bwana harusi, "Msogelee mke wako," alitazama pembeni. Usingizi nao ukawa wa kuombaomba. Siku nyingine alijikuta anaongea na stuli ya wateja, anaiambia isogee kwenye mwanga. Akajiona anaanza kurukwa na akili.

"Mwalimu," Efrazia alimwambia siku moja, "siku hizi unafundisha kama umefiwa."

"Sijafiwa. Nimeachwa."

"Afadhali. Aliyefariki harudi."

Darasani akabadilisha somo. Kabla ya kufuta chochote kwenye uso wa mtu, muulize. Wengine wakaguna kwamba atawapotezea wateja. Akawaambia wapotee.

Mvua za vuli zikaanza. Jumamosi moja Zuwena alikuwa anakata kitambaa kirefu cha mapazia, kinamteleza kila akikinyoosha.

"We," akaita bila kumtazama. "Shika huo mwisho."

Ashrafu akasimama, akashika. Mwisho wa kitambaa ulikuwa upande wa kushoto wa Zuwena. Khanga leo ilikuwa mabegani. Akatazama.

"Unatazama nini?"

"Wewe."

"Unaona nini?"

Ashrafu hakuharakisha.

"Linaanzia chini ya jicho. Hapa katikati ni laini, huku pembeni limekunjamana. Linaishia shingoni. Na ukitaka kucheka, linavuta mdomo upande mmoja. Hilo la mdomo nilikuwa silijui."

"Nataka kucheka mimi sasa hivi?"

"Unataka."

Zuwena akainama haraka kwenye mkasi wake. Akakata kitambaa mpaka mwisho, akakikunja, akakiweka pajani.

"Mwambie shangazi yako sina ugomvi naye. Akitaka kuja, aje."

Asubuhi ya siku ya posa ya pili Ashrafu akawa tena peke yake Maili Moja, kanzu kwenye stendi ya taa, simu mkononi. Hakufungua studio. Alifagia, akafagia tena palipofagiliwa. Adhuhuri ilipokaribia, simu ikaita.

"Shikamoo shangazi. Vipi?"

"Marahaba. Tumefika salama, mlango kaufungua mwenyewe. Kaniambia, shikamoo shangazi, bibi harusi ndiye mimi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, marahaba mwanangu, leo sikuja na picha, nimekuja na macho yangu. Halafu, mwanangu... sijui nini kilinituma. Nikamshika uso nikambusu. Hapa hapa kwenye kovu."

Ashrafu akaishika simu kwa mikono miwili.

"Akalia! Kalia mpaka baba yake katoka nje kufuta macho. Posa wamepokea, lakini moyo hautulii. Nimekosea tena?"

"Hapana, shangazi." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kidevu. "Hujakosea."

Alipokata simu akakaa kwenye stuli ya wateja. Studio ilikuwa kimya, lakini leo kimya hakikumtisha. Simu ikalia kidogo. Ni picha. Zuwena kajipiga mwenyewe kwa simu yake, barazani kwao. Utosi umekatwa, mwanga unatoka nyuma, kidole kimeingia pembeni. Makosa yote anayowakataza wanafunzi yamo. Macho yamevimba kwa kulia, shavu la kushoto liko mbele kabisa, na mdomo umevutwa upande mmoja.

Kidole cha Ashrafu kikaenda chenyewe kwenye alama ya kurekebisha picha. Akakirudisha.

"Nimekuona," akaandika.

Jibu likachelewa kidogo, kisha likaja.

"Haya. Umekula?"

Alikuwa hajala tangu jana. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaandika, "Bado."