Shikamoo ya Mahameni

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimuliaji mwenye adabu, mmepata mimi. Nitachekesha pasipochekwa na nitasahau penye kutisha. Mkitaka kunizomea, nizomeeni kwa Kiswahili. Kwa Kikurya itaniuma.

Benedicto, mtoto wa dada yangu, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu huko Dar es Salaam. Alisomea kumkamata mhalifu kwa vitu vidogo: tone la damu, unywele, alama ya kidole. Likizo ya mwaka sabini na sita alirudi Ringwani, akakuta Bibi Rhobi, mama wa baba yake, anafukuzwa.

Ndama wawili wa kijiji cha ujamaa walikuwa wamekufa baada ya kunyweshwa maziwa kutoka kwenye kibuyu chake. Wazee wa ritongo, baraza letu, wakasema ni uchawi. Kesho asubuhi aondoke, asirudi. Na kweli bibi alijiponza: tulipohamishiwa kijiji kipya, yeye kila siku alirudi mahameni, kwenye nyumba ya zamani, akiweka vibuyu vyake humo ndani, karibu na kaburi la mumewe Waisiko.

"Kibuyu chenyewe kiko wapi?" Benedicto aliuliza.

"Kule kule, mjukuu wangu. Nani atathubutu kukigusa?"

"Afadhali. Aliyekichezea ameacha alama za vidole vyake."

"Basi wahi, jua linazama. Na ukifika, usisalimie mtu."

"Mahameni kuna mtu gani wa kusalimia, bibi?"

Bibi akainama, akaendelea kufunga mizigo.

Alifika mwanga ukiwa mwekundu. Nyumba ya msonge, nyasi za paa zimeoza. Harufu ya samadi mbichi… na zizi lilikuwa tupu miaka miwili. Akaingia, akaacha mlango wazi apate kuona. Akachuchumaa, akapulizia kibuyu masizi ya kibatari, akayapangusa polepole kwa unyoya wa kuku.

Mistari ikajitokeza. Kidole gumba. Kinene. Si cha bibi.

"Nimekupata," akanong'ona.

Nyuma yake, mtu akakohoa.

Kikohozi cha mzee. Sasa, kijana aliyelelewa akalelewa, akisikia mzee anakohoa, mdomo hauombi ruhusa kwa kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Mlango ukajifunga. Komeo likaingia mahali pake: ko!

Mlango ule hukomewa kwa ndani.

"Umesema shikamoo," sauti ikasema gizani, taratibu. "Basi shika."

Kitu kikamgusa goti. Mguu. Mkavu, wa baridi, una udongo katikati ya vidole.

Watu wa pwani neno hilo, shika moo, yaani shika mguu, wamelitumia mpaka limechakaa, halina tena mguu ndani yake. Marehemu Waisiko alijifunza Kiswahili uzeeni, neno moja moja, na kila neno alilipokea kama lilivyo.

Benedicto akashika. Angefanyaje? Mzee hajakuruhusu, huondoki.

Akajaribu kuachia. Viganja vikagoma. Akavuta… vikazidi kuganda. Kuta zikawa karibu kuliko mwanzo. Pumzi yenye samadi ikamtua shavuni.

"Babu… niruhusu niende."

"Mbona haraka? Si umekuja kutafuta mtu?" Sauti ikacheka, kicheko cha babu anayemtania mjukuu. "Nikutajie?"

Akamtajia. Sikioni.

"Haya. Achia."

Alipotoka nje, majogoo walikuwa wanawika. Kwake zilikuwa zimepita dakika tano.

Alikimbia na kibuyu mpaka kwenye ritongo. Akakiinua juu kionekane na wote. Kilikuwa kisafi, hakina hata chembe ya sizi.

"Hicho ndicho ushahidi?" Mzee Mseti akauliza. "Chuo kizima, miaka mitatu?"

"Subirini, nitawaonyesha kidole kinavyoacha alama." Benedicto akafungua viganja.

Mama mmoja akaguna.

Vidole vyote kumi vilikuwa laini kama mbegu ya ukwaju. Hakuna hata mstari.

"Basi taja jina tu, mwanangu," Mseti akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nani alikigusa?"

Benedicto akageuza macho, akanitazama mimi. Akanitazama sana. Lakini alikuwa amefundishwa, na neno la marehemu si ushahidi.

"Sijui," akasema.

Bibi Rhobi akajitwisha mzigo wake, akashika njia ya Tarime. Hakugeuka.

Nami nilikuwapo, mstari wa mbele, mcheshi wa kijiji kizima, sina neno. Kibuyu kile nilikiazima mimi bila kuomba, nikabebea dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile sumu ya kupe. Nikakisuuza mara moja tu, haraka haraka, kwa sababu jioni ile nilikuwa na watu wa kuchekesha.