Pumzi za Chigusa

Mtu akiipenda sauti yako, je, amekupenda wewe? Chigusa Hozumi hakuwa amejiuliza swali hilo asubuhi ile aliposimama kwenye kibanda cha tambi katika kituo cha Shinjuku, koti lake la kijivu limefungwa hadi kidevuni, akiagiza bakuli moja.

Kijana aliyekuwa akila kando yake aliweka vijiti chini. "Samahani, dada. Wewe ndiye Poporu."

Chigusa alishtuka. Poporu alikuwa mtoto wa katuni, mwenye sauti kama kengele, na kwa miaka sita Chigusa ndiye aliyemsemea. Hata nyimbo aliziimba kwa sauti hiyo ya kitoto, na kwenye jalada la albamu likaandikwa jina la mtoto. Sauti yake mwenyewe, nzito na ya chini, haikujulikana na mtu.

"Umejuaje?"

"Unavuta pumzi mara mbili kabla ya neno la kwanza. Naitwa Sohei, fundi wa sauti. Mwaka mzima nazikata pumzi zako kwenye nyimbo za Poporu."

"Ala! Kumbe mwuaji wangu ni wewe!"

"Basi acha nilipe fidia. Tambi hizo juu yangu."

Walipendana kwa siri, kwa kuwa meneja wa Chigusa hakutaka mashabiki wasikie habari za mchumba. Jioni moja simu ya Chigusa ililia; alikuwa Sohei.

"Umekula, kengele yangu?"

"Kengele ni Poporu. Mimi ni pipa tupu."

"Haya, pipa langu, fungua mlango. Mvua inanimaliza huku nje!"

Usiku mmoja Chigusa alimwimbia wimbo alioutunga mwenyewe: polepole, nusu kama anayezungumza, pumzi zikisikika kati ya maneno kama hatua za mtu apandaye ngazi gizani. Sohei alilia. Miezi ikapita, kampuni iliyotoa nyimbo za Poporu ikakubali wimbo huo utoke kwa jina la Chigusa, wa kwanza maishani mwake. Chigusa akaurekodi, na Sohei akakabidhiwa kazi ya kuisafisha rekodi.

Siku moja kabla ya wimbo kutoka, waliketi studio kuusikiliza pamoja na mwongozaji Kuwabara na yule meneja, Bi Isogai. Sauti ilitoka nyororo kama kioo kilichopanguswa. Ndani yake hamkuwa na pumzi hata moja.

"Safi kabisa," alisema Kuwabara.

"Sohei, pumzi zangu ziko wapi?"

"Nimezikata."

"Nani kakutuma? Mwongozaji?"

"Mimi simo," Kuwabara alijitetea.

Sohei aliinamisha kichwa. "Hakuna aliyenituma. Ndizo ninazozisikia ukilala ubavuni pangu, Chigu. Sikuweza kuwagawia watu."

"Mungu wangu, nyinyi wawili!" Bi Isogai aliguna.

"Zirudishe," alisema Chigusa.

"Nimefuta zote. Hata rekodi ya awali. Nisamehe, mpenzi, turekodi upya."

"Lini?" Bi Isogai aliuliza. "Wimbo unarushwa kesho asubuhi."

Chigusa hakulia. Kampuni ilimpenda mtoto. Mwanamume huyu alizipenda pumzi. Na yule aliyebaki katikati, yeye mwenyewe, hakuwa na wa kumpenda. Alisimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Andikeni jina la Poporu," aliwaambia. "Wimbo huu sikuuimba mimi. Poporu nitamsemea mpaka mkataba uishe, lakini kuimba kwa jina langu nimeacha. Nawe, Sohei, tumeachana leo."