Uani kwa Swaumu

Foleni ya saruji pale Maili Moja, mwaka ule wa 1982, haikuwa na adabu. Watu walisukumana tangu alfajiri, kila mmoja na kibali chake mkononi, na mgawaji alifungua dirisha alipojisikia. Swaumu, mpiga taipu wa ofisi za mkoa, alikuja na gauni la kitenge cha zambarau na viatu vya kisigino. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili alilifanya alipogeuka kumkaripia mtu aliyemkanyaga.

"Kaka, huoni?"

"Naona sana, dada. Ndiyo maana nimejikwaa."

Mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, vifungo viwili vya shati wazi, suruali yake ya bugaluu imetapakaa chokaa. Jina lake Mbaraka, fundi mwashi, mtoto wa Mzenga kule Kisarawe. Dirisha lilipofunguliwa alikwisha kujua kwamba mifuko sita ya Swaumu ilikuwa ya uani: ukuta ulioanguka masika, jiko lililooza makuti, bafu lisilo na mlango. Swaumu aliishi hapo na mama yake, Bi Biubwa, na mafundi wawili walikwisha kuja, wakachimbua, wakabeba zana zao jioni moja na kupotea.

"Mimi sipotei," alisema Mbaraka.

"Wote husema hivyo."

"Wote hawakukutazama vizuri."

Kesho yake alikuja kweli. Alijenga kama mtu anayejijengea, tofali kwa tofali, pima maji juu ya kila mstari, na kila Swaumu alipotoka kazini alimkuta anaimba ndani ya vumbi. Wiki ya tatu simu ya ofisini ililia.

"Mpenzi, kokoto zimekwisha."

"Umekwenda mpaka posta kuniambia habari za kokoto?"

"Nimekuja kusikia sauti yako. Kokoto kisingizio."

"Kata simu, mwendawazimu. Bosi ananitazama."

"Mwambie wifi yako anapiga."

Swaumu alicheka mpaka akakosea barua nzima. Alikuwa na miaka ishirini na nane, umri ambao majirani walikwisha kuacha kumuuliza na kuanza kumhurumia. Alimtaka mwanamume huyu kwa roho yake yote, naye hakulificha, hata mama yake akaona haya kwa niaba yake.

"Furahi polepole," alisema Bi Biubwa. "Fundi siku ya kubeba zana zake hakuagi."

Neno hilo lilimwingia. Jumapili moja Mbaraka alisema kwamba kesho hatakuja, ana shughuli Tumbi, halafu akaanza kukusanya nyundo na mwiko ndani ya kapu. Swaumu aliuliza shughuli gani, naye akacheka tu, "Utaambiwa." Ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Swaumu akaona jioni ile ile ya mafundi wale wawili inarudi. Mbaraka alipokwenda kunawa, aliichukua pima maji na kuisukuma chini ya godoro lake. Bila hiyo lazima atarudi, alijiambia. Fundi aliitafuta mpaka giza likaingia, akaondoka bila hiyo.

Jumatatu jioni alirudi, macho mekundu.

"Kulikuwa na mkandarasi anachukua waashi," alisema. "Kazi ya miaka miwili, na nyumba ya kukaa na mke. Kila mtu na zana zake. Nilipofika sina pima maji wakanicheka, wakamwita wa nyuma yangu. Nilitaka nikuletee habari hiyo kama zawadi, Swaumu."

Swaumu akaenda ndani, akaitoa pima maji chini ya godoro, akamkabidhi huku analia na kucheka kwa pamoja, maana woga humfanya mtu mjinga.

"Nilidhani unanikimbia, baba. Nisamehe."

Mbaraka aliitazama ile pima maji muda mrefu, kisha naye akacheka.

"Yamekwisha, mama."

Akajenga mpaka mwisho. Ukuta ukapanda juu ya kichwa cha mtu, ukapigwa lipu laini. Sakafu ikang'aa, jiko likapata bomba la moshi, bafu likapata mlango. Siku ya kumaliza alinawa mikono akasema, "Ijumaa nawaleta wazee wangu kwa posa. Waambie majirani."

Majirani waliambiwa. Mchele ulitafutwa kwa taabu ya mwaka ule, kuku watano wakachinjwa, wanawake wakaujaza uani mpya, kila mmoja akiusifia ukuta. Swaumu alivaa kanga mpya za doti moja, mikono imepakwa hina. Saa nane ikapita. Saa kumi ikapita. Pilau likapoa na kupashwa moto mara mbili. Magharibi wanawake waliaga mmoja mmoja kwa sauti za msibani, na wa mwisho alimshika Bi Biubwa mkono akasema, "Pengine gari limeharibika." Alilisema huku hamtazami.

Jumamosi Swaumu alidandia lori la mkaa hadi Mzenga. Alimkuta Mbaraka mzima wa afya, anachanganya udongo nyuma ya nyumba ya mama yake.

"Wazee waliumwa?" aliuliza.

"Sikuwaambia."

"Mbaraka!"

"Nilitaka uonje. Kusimama mbele za watu, mikono mitupu, wakikucheka."

"Nilikuomba msamaha!"

"Uliomba huku unacheka."

Mlango ukafunguka, akatoka mama yake Mbaraka, mfupi, mpole wa uso, Bi Mwanamvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Samahani, macho yangu haya. Wewe nani?"

Miezi mitano ya mapenzi, na mama huyu hakupata kulisikia hata jina lake. Hilo lilimuuma kuliko pilau lililopoa.

"Mteja wake tu, mama. Nimekuja kumshukuru fundi."

"Ahsante kwa kuja. Mungu akupe mume wa kukaa nawe humo alimojenga."

"Amin," alisema Swaumu, akaondoka.

Mbaraka alimkimbilia hadi barabarani, udongo mikononi, uso umemshuka.

"Swaumu, ngoja! Nimekosa. Nakupenda, nilikuwa na hasira. Ijumaa ijayo nawaleta, na mama nitamwambia leo hii. Wallahi."

Swaumu alimtazama akaona ni kweli. Machozi yalikuwa yakimtoka mwanamume yule bila kujua.

"Walete," alimwambia kwa upole. "Nitakuwepo."

Ijumaa ile hakualika mtu wala hakuwasha moto. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akakaa uani na mama yake wakichambua kunde. Baada ya swala, ukasikika mchakacho wa kanzu na viatu.

"Hodi wenyewe!" alisema mzee mmoja.

"Mwanangu, wageni," alinong'ona Bi Biubwa.

"Nyamaza, mama. Naye aonje."

"Ni yeye! Mlango huu utabishwa tena lini, Swaumu?"

"Hodi, wanangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Mwanamvua, nayo nusura imwinue kwenye kigoda.

Kisha, chini kwa chini, sauti aliyoijua kuliko zote: "Swaumu. Hodi."

Moyo wake uliitikia karibu mara kumi. Akauma ncha ya kanga mpaka meno yakamuuma. Mwenye kubisha mara tatu asiitikiwe huondoka, na watu wa Mzenga wana adabu.

"Una hakika ni nyumba hii?" aliuliza mzee.

"Naijua," alisema Mbaraka.

Viatu vikaanza kurudi. Bi Biubwa aliinua ungo wake wa kunde akaingia ndani bila kumtazama bintiye. Swaumu alibaki uani peke yake, akisikiliza mpaka nyayo zikapotea barabarani. Ndipo akalia kwa sauti, kwa kuwa sasa nje hapakuwa na wa kumsikia.