Mpe Mgeni Chai

Cicily wa Kibugu hakuwa mtu wa kuchezewa shere. Alipoamua kuundiwa kompyuta yake mwenyewe, ya kuchapia vijitabu vya harusi na mazishi pale nyumbani, aliteremka mjini Manyatta asubuhi yenye jua zuri, akasimama mbele ya kaunta ya Misheck, muuza kompyuta, na kuchagua kipande baada ya kipande. Prosesa yenye nguvu. Diski mpya. Kasha lenye ubavu wa kioo. Feni alichukua ile isiyosikika kabisa, maana mamake, Ciakuthii, alilala chumba cha pili na usingizi wake ulikuwa mwepesi.

Ikabaki madabodi, ule ubao unaobeba vipande vingine vyote. Rafuni zilikuwepo kadhaa, lakini Misheck hakuzigusa. Aliinama, akatoa moja chini ya kaunta, imefungwa kwa kitambaa.

"Hii ndiyo nzuri, madam. Lakini chagua wewe mwenyewe. Sema unaitaka."

"Si nimeishika? Naitaka."

Misheck alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la viazi.

Mashine ilifanya kazi bila tatizo mpaka ukungu wa Julai ulipotanda. Adhuhuri moja, Cicily akipanga picha za maharusi, kasha lilikohoa.

"Feni ya bure kabisa," alifoka. Akafungua, akapangusa, akafunga. Likakohoa tena. Kilikuwa kikohozi kirefu cha kifuani, cha mtu anayejizuia ili asiwasumbue wenye nyumba.

"Cicily," mamake aliita kutoka chumbani. "Mpe mgeni chai. Anakohoa tangu asubuhi."

"Hakuna mgeni, Mama."

"Yuko. Nimemsikia akivuta kiti."

Cicily aling'oa waya ukutani. Taa za mashine zilizimika. Kikohozi hakikuzimika. Kile kioo cha ubavuni kikaingia mvuke, mduara mdogo, kama dirisha linapopumuliwa. Aliupangusa kwa kiganja. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.

Juma lile lile Ciakuthii akaanza kukohoa, akaacha hata kula. Zahanati walimpima, wakasema kifua ni safi. Lakini Cicily alikijua kikohozi kile. Urefu ule ule. Kujizuia kule kule. Na kila mama alipokohoa, kasha lilinyamaza.

Mwingine angekimbilia kwa mchungaji. Cicily alishikwa na hasira. Alilifunga kasha kwa leso ya kujitanda, akateremka nalo Manyatta, akalibwaga juu ya kaunta.

"Umeniuzia nini?"

"Punguza sauti, dadangu," Misheck alinong'ona.

"Mimi si dada yako! Mama yangu anakufa. Umeniuzia nini?"

Misheck alitazama pazia la nyuma ya duka. Akasema kwa sauti ya chini sana.

"Ndugu yangu Mbae alikuwa anaisha. Hospitali walishindwa. Mganga akaniambia kikohozi kihamie kwenye kipande cha kitu chenye joto na upepo ndani yake. Niliweka huo ubao chini ya mto wake. Kisha ilibidi uuzwe kwa mgeni, na huyo mgeni aseme anautaka."

"Kwa hivyo ukaona mama yangu ni takataka?"

"Ukiurudisha, Mbae atakufa."

Pazia likafunguka. Kijana akatoka, mashavu yamejaa, macho maangavu, kikombe cha uji mkononi. Cicily alikuwa amekuja tayari kumrushia mtu ule ubao usoni. Alipomwona Mbae, hakurusha kitu. Hasira haikuisha. Ilikosa tu mahali pa kutua.

"Kaka," Mbae alisema, "uliniambia ni dawa za hospitali zilizoniponya."



Mbae aliweka kikombe chini. Akachukua bisibisi, akafungua kasha, akang'oa ubao taratibu kama fundi anayejua kazi yake. Misheck alimdaka mkono. Mbae akamsukuma hadi rafu zikatikisika.

"Nani alikutuma unitafutie uzima kwa mama wa mtu? Nani?"

Kisha akauinua ubao mbele ya uso wake.

"Ni wangu. Nautaka."

Akaufunga kwa koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kabla mlango haujafunga, walimsikia akikohoa.

Cicily alipofika nyumbani, Ciakuthii alikuwa ameketi kitandani, anadai chakula. Hakukohoa tena. Kompyuta ilipata ubao mwingine kutoka duka jingine na inafanya kazi mpaka leo. Misheck alikuja kuomba msamaha; Cicily alimfungia lango usoni.

Mbae hakurudi. Asubuhi iliyofuata watu walimtafuta wakapata alama za viatu vyake kwenye udongo mbichi kati ya michai, zikipanda kuelekea msituni. Kando yazo palikuwa na nyayo nyingine, za miguu mitupu. Ndogo kama za mtoto. Lakini zilikuwa zimezama zaidi kuliko za viatu.

Ukingoni mwa msitu alama za viatu ziliisha. Hapakuwa na koti. Hapakuwa na mtu.

Zile ndogo, za yule mgeni, ziligeuka. Zilishuka tena kupitia michai, hatua fupi fupi, zikielekea kwenye nyumba za watu.